Makopo Yaliyokuwa Juu ya Kabati: Maisha ya Dada Yetu Mkubwa

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kusoma habari za dada yetu, nami ni mdogo wake wa mwisho, niliyebishana naye kuliko wote, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne, nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akafaulu, lakini hakuendelea kwa kuwa mama aliugua na mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni, jambo alilonikumbusha kila mwaka bila kukosa.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa katika maabara ya chuo, kuosha vizimba vya plastiki vya panya wa utafiti, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017. Mwaka 1998 ililetwa sabuni kali iliyochubua plastiki, na ni yeye aliyeona kwamba panya waliozaliwa katika vizimba vile hawatulii, na mama zao hawawakalii, akaandika kwenye daftari, akampelekea mkuu wa maabara, naye akamwambia aoshe vizimba aachane na sayansi. Ilichukua miezi minane ya ubishi ndipo plastiki ikapimwa, ikakutwa inatoa kemikali inayojifanya homoni, na homoni ndizo zinazouelekeza ubongo wa kiumbe tumboni ujijenge vipi. Ripoti ilitoka, jina lake halimo.

Tarehe 14 Agosti 1982 aliolewa na fundi cherehani, shemeji yetu aliyetangulia mwaka 2011, ambaye baada ya ripoti ile, kwa amri ya mkewe, alibeba chakula cha kazini kwenye sufuria badala ya kopo la plastiki huku wenzake wakimcheka, na walijaliwa mabinti wawili, waliopo hapa.

Tuseme ukweli, alituchosha. Akiingia kwa mtu, jikoni kwanza kukagua makopo ya plastiki, salamu baadaye, tukambandika jina la Mama Makopo. Mwenyewe alikiri kwamba panya si watu, na kwamba wataalamu bado wanachunguza, ila alisema mtoto aliye tumboni hana wa kumsemea.

Januari mwaka huu wa 2025 binti yangu, mwenye mimba ya kwanza, alihamia kwangu, na marehemu akaniomba mara tatu nitupe makopo ya plastiki tunayopashia chakula, nami kwa kuchoka nikayaficha juu ya kabati, nikamwambia nimeyatupa. Tarehe 6 Februari alikuja nikiwa kazini, akayaona, akapanda kigoda, mtu wa miaka sitini na saba, akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa, damu ikaganda mapafuni, akafariki tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii asiyesikia ni mimi, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani zaidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, majirani waliomteremsha ngazi za ghorofa tatu bila kumtikisa, na wafanyakazi wenzake wa maabara, ambao leo wametuletea lile daftari, walilolitunza miaka yote hii.

Dada, makopo yote kumi na moja yametoka nyumbani asubuhi ya leo, binti yangu ameyahesabu mwenyewe. Safari hii sikudanganyi, pumzika kwa amani.