Ndege Hajalipwa

MBUVI: Haloo? Nani huyo? Ongea kwa nguvu, niko karibu na pampu!

WARINGA: Habari ya mchana, Baba Kanyiva. Ni mwalimu wake wa grade two, hapa Kanyangi. Mwalimu Waringa.

MBUVI: Mwalimu? [pampu inazimwa] Kuna nini? Ameanguka? Ako hospitali?

WARINGA: Hapana, hapana! Ni mzima kabisa. Ako hapa mbele yangu, amekunja mikono.

MBUVI: Uui! Mwalimu akipiga simu saa sita mchana, moyo unaruka. Amefanya nini sasa?

WARINGA: Amenigomea. Yeye na wenzake thelathini.

MBUVI: Kanyiva? Mwalimu, umekosea namba. Huyo wangu hata kuku akimnyang'anya chapati hasemi kitu.

WARINGA: Ndio nashangaa! Tangu Januari nimemsikia maneno mawili: "present" na "choo". Leo nimewatoa nje tusomee huku karibu na mto, wanaokota majani, wanaangalia nyayo za wadudu, mara ndege mdogo huyo, kelele nyingi, cha-cha-cha-cha—

MBUVI: Rangi ya vumbi? Mkia una nyeupe kando?

WARINGA: Huyo huyo. Kanyiva akampigia mluzi, akachukua kijiti akawa anagonga miti, haoo wakaenda. Darasa lote nyuma yake, na mimi nyuma ya darasa, nikijidanganya ati ni mimi naongoza.

MBUVI: [anacheka] Huyo ni ndege wa asali! Amewapeleka kwa nyuki.

WARINGA: Mpaka kwa mgunga mkubwa. Wako ndani ya tundu, nawasikia wakivu—

MBUVI: Mwalimu! Mko umbali gani?

WARINGA: Kama... hatua kumi?

MBUVI: Rudisha watoto nyuma! Hamsini! Polepole, hakuna kukimbia, hakuna kupiga kelele. Na wewe, umejipaka marashi?

WARINGA: Kidogo tu.

MBUVI: Kidogo ya Kanyangi ama kidogo ya kwenu Nyeri?

WARINGA: ...Ya Nyeri.

MBUVI: Basi wewe hatua mia.

WARINGA: [kwa mbali] Inukeni polepole, twende pale kwa kivuli. Mulinge, weka hilo jiwe chini. Chini, nimesema! [anarudi kwa simu] Haya, wamesogea, wameketi tena. Na hapo ndipo wamegomea. Kurudi shule hawarudi.

MBUVI: Kwa nini?

WARINGA: Kanyiva amewaambia ndege hajalipwa. Ati akikuonyesha asali na uende bila kumkatia kipande chake, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka.

MBUVI: Hapo hajadanganya. Hiyo ni sheria.

WARINGA: Si nimempa biskuti!

MBUVI: Ndege wa asali umempa biskuti?

WARINGA: Ya maziwa. Ameiangalia tu.

MBUVI: [anacheka mpaka anakohoa] Anataka masega, mwalimu! Anakula nta huyo! Woi, hii nitawaambia watu—

WARINGA: Usinicheke, Baba Kanyiva! Kengele ya chakula imelia, githeri inapoa. Na hedimasta alishanionya, nikichelewesha watoto mara nyingine masomo ya nje yameisha, tunarudi kuchora majani ubaoni mpaka Novemba. Nitafanya nini?

MBUVI: Hiyo ni rahisi. Baba yangu, Mzee Muindi, ako hapo ng'ambo ya mto. Mwite. Akikuja na moshi wake, dakika kumi ndege amekula.

WARINGA: Ndivyo nilitaka kufanya. Lakini Kanyiva amesema babu hajui.

MBUVI: Hajui nini?

WARINGA: Kutoa asali ya mti. Amesimama mbele ya wote akasema babu hajui, ni baba pekee. Kisha akanitajia namba yako kwa kichwa, bila kukosea hata moja.

MBUVI: [kimya]

WARINGA: Haloo? Network imeenda? Baba Kany—

MBUVI: Niko. Mwalimu, na mimi nilifundishwa na nani? Si ni huyo mzee. Hakuna nyuki Kanyangi nzima ambao hajachukua asali yao.

WARINGA: Kwa hivyo Kanyiva hajui kama—

MBUVI: Anajua. Ndiye humshikia babu ndoo.

WARINGA: Aa.

MBUVI: Eeh.

WARINGA: [polepole] Na wewe, kwani nyumbani ulikuwa lini?

MBUVI: Krismasi. Nikasema nitarudi Pasaka. Pasaka nyanya zikaiva hapa shambani Kiboko, nikasema shule zikifungwa. Zikafungwa, zikafunguliwa. Nimeona aibu, mwalimu. Mtoto wa miaka saba amenitega kwa ndege!

WARINGA: Na ulimfundisha mwenyewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

MBUVI: Na mwalimu pia amenaswa na marashi yake ya Nyeri!

WARINGA: [anacheka] Wachana na marashi yangu. Nikuweke kwa spika? Krediti inaisha.

MBUVI: Weka. [kwa sauti] Watoto wa grade two! Hamjambo?

WARINGA: Polepole, hata nyuki wamekusikia.

MBUVI: Mimi ni baba ya Kanyiva. Huyo ndege amefanya kazi yake, na sisi si watu wa kula jasho la mwingine. Ijumaa nakuja na moshi, natoa asali, na kipande cha kwanza ni chake. Mwalimu atawaleta muone, mkiwa mbali. Sawa? Sasa endeni mkule githeri!

WARINGA: Wanainuka! Mungu akubariki, Baba Kanyiva. Kalekye, viatu vyako! Asanteni, tupange laini, tu— Ngoja.

MBUVI: Nini tena?

WARINGA: Kanyiva hajainuka. Ameinua mkono. Ndio, Kanyiva? Sema, mama. [anainama kumsikiliza] Baba Kanyiva, anauliza... Ijumaa gani.

MBUVI: Hii. Mwambie ni hii, ya kesho kutwa.

WARINGA: Mwambie mwenyewe. Nimemshikisha simu.

MBUVI: Kanyiva? Mwaitu, mama, unanisikia? Ni hii. Ijumaa hii. Mwalimu, hasemi kitu.

WARINGA: Anakusikiliza. Bado ameketi.

MBUVI: Na ana haki. Simu isikatwe basi, nataka asikie na masikio yake. [kwa mbali] Bosi! Bosi Gathua! Ijumaa usinitafute, naenda nyumbani!... Hapana bosi, nyanya ni zako, mtoto ni wangu!... Ati Ijumaa gani? Hii! Hii hii!

WARINGA: Amecheka! Baba Kanyiva, ameinuka, ame—

[krediti imeisha]