Asubuhi ya Kuuza Kiti cha Kinyozi

Asubuhi ile ya Julai ukungu ulikuwa haujaondoka mtaani Skuta, na kwenye benchi nje ya kinyozi ya Ngatia, kibanda chake cha kunyolea, watu watatu walikuwa wamekaa mita moja mmoja kutoka kwa mwingine, kama ilivyoagizwa, barakoa zikiwa kidevuni na kofia za sufu, zile mavini, zimevutwa hadi masikioni. Ngatia alisimama mlangoni. Ndani, kiti chake cha kunyolea, kile cha kupandishwa kwa mguu, kilikuwa kimepanguswa mara tatu tangu kuche. Tangu karantini ianze, watu waliogopa kuguswa kichwa na mtu wa nje. Kabla ya saa nne mnunuzi angefika kutoka Nanyuki na pikapu. Kiti kikiondoka, kinyozi imekwisha. Wale wa benchi walijua hivyo na hawakujua la kusema, kwa hiyo wakasema mengine yote.

— Mimi kwa kinyozi sirudi, alisema Mutahi, ambaye tangu Machi alikuwa akijifunza kila kitu kwenye simu hadi wakamwita Yutubu. Kunyoa ni hesabu tu. Kioo mbele, kioo nyuma, simu hapa katikati.

— Na mkono? aliuliza Ngatia.

— Mkono inafuata kioo.

Ngatia alikuwa amenyoa miaka kumi na minne, na alijua kwamba katikati ya vioo viwili mkono haumsikii mwenyewe.

— Vioo ni mambo ya zamani, alisema Kihara, fundi wa redio aliyejipa mwenyewe jina la Injinia. Mimi nilitoa mota kwa blenda ya bibi yangu, nikafunga wembe mbili. Kichwa mzima, dakika moja na nusu.

— Na juisi je?

— Juisi ya mwisho tulikunywa Mei.

Ngendo, mwenye flaski za chai, alicheka hadi kikombe kikamwagika.

— Nyinyi mnacheza. Ndugu yangu ako Naro Moru, kazi yake ni kunyoa kondoo. Alikuja na ile makasi yake, akaninyoa mimi na watoto wote kabla maharagwe ichemke. Na hajawahi ona kondoo imerudi kulalamika.

— Kondoo haina kioo, alisema Ngatia.

— Wewe Ngatia uko na uchungu tu.

Alikuwa nao. Aligeuka akakipangusa kiti mara ya nne, hasa pale penye mshono, ambapo nywele hupenda kujificha. Hapakuwa na hata unywele mmoja.

— Hii corona ikiisha, Yutubu aliendelea, hakuna mtu ataita fundi. Wiki hii nang'oa jino yangu, nimeshaona vile inafanywa. Wiki ijayo nachimba kisima jikoni.

— Jikoni?

— Kwani maji inatumika wapi?

— Hiyo ni kidogo, alisema Injinia, akijikuna chini ya mavini kwa kijiti cha kiberiti, bila kuiinua. Nywele yenyewe itajifunza. Ukiinyoa saizi moja mara tatu, inazoea. Inafika hapo, inasimama.

— Kwa hivyo mimi ni wa makumbusho, alisema Ngatia. Alitaka isikike kama mzaha.

— Si wewe, buda. Ni kazi yako, Yutubu akamjibu, kwa moyo mweupe kabisa.

Hapo pikapu ikasimama. Akashuka Guled, mchuuzi wa mbuzi, aliyetaka kiti hicho kwa ajili ya baba yake anayesumbuliwa na mgongo. Alikikalia, akakizungusha, akakipandisha na kukishusha.

— Hii kiti ni mzuri, bwana. Mbona unauza?

— Watu siku hizi wanajinyoa, Ngatia alisema.

— Tena vizuri! ikajibu benchi nzima.

Guled alitoka nje, akawatazama mmoja mmoja. Ukungu ulikuwa umepaa. Ngendo alikuwa amevua sweta, na jasho lilikuwa likimtiririka Injinia shavuni.

— Kama ni vizuri, aliuliza, mbona na hii jua hakuna mtu ametoa kofia?

Injinia akaivuta mavini yake hadi kwenye nyusi. Ngendo akaanza kuinua flaski moja moja, ingawa zote zilikuwa tupu. Yutubu alitazama barabara yote hadi mwisho wake, kisha akainuka taratibu, akapandisha barakoa, akampita Ngatia mlangoni na kukalia kiti.

— Nataka tu kuona kama bado inazunguka.

Ngatia alimtazama kwenye kioo. Akachomeka mashine.

— Guled, alisema bila kugeuka, utanisamehe. Baba yako atafutiwe kiti ingine.

Kisha akamwambia Yutubu:

— Toa kofia.

— Funga mlango kwanza.