Bi Kijilima na Kipimo cha Kochi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi Kijilima ataitoa baiskeli yake kwenye korido ya ofisi yetu kwa mara ya mwisho. Wafanyakazi wote mnaalikwa kushuhudia, hasa wale ambao miundi yenu bado ina alama za kanyagio lake. Tangu siku ya kwanza alipoiingiza aliombwa aiegeshe nje. Wakurugenzi wanne, kwa nyakati tofauti, walimwandikia barua kuhusu jambo hilo, na barua zote nne alizipiga chapa yeye mwenyewe, akazisahihisha sarufi, akaziweka kwenye faili.

Ndiyo, aliajiriwa kama mpiga chapa. Kwa manufaa ya wageni watakaosoma haya, ofisi yetu huchagua barabara za lami zinazopita kwenye mashamba na vilima vidogo vidogo, huziwekea alama, kisha hutoa kijitabu cha kuwaongoza waendesha baiskeli wanaotaka kutazama mandhari bila kuzimia. Enzi hizo mpimaji wetu alikuwa bwana mmoja aliyepima njia zote akiwa ndani ya gari, kioo kikiwa kimefungwa. Kwake dunia nzima ilikuwa tambarare. Wageni walirudi wakikokota baiskeli, wakaandika malalamiko, na kuyajibu ikawa kazi ya mpiga chapa. Alipokwisha kuandika neno "tunasikitika" mara mia tatu hivi, aliazima baiskeli ya kaka yake akaenda kujionea kinachosikitisha ni nini. Alirudi jioni, vumbi hadi kwenye kope, akafuta neno "tambarare" kwenye kurasa kumi na moja. Mwezi uliofuata mpiga chapa alipewa upimaji, yule bwana akahamishiwa stoo, na gari lake likapata mapumziko.

Ndipo tukapata madaraja manne tunayoyatumia hadi leo: tambarare, mwinuko, kijilima na kilima. Mlima haumo. Alisema neno hilo halitaingia kwenye kijitabu chake, maana mgeni akilisoma tu, magoti yanamuuma kabla hajafunga viatu. Neno "kijilima" alilipenda mno hata likamgeukia jina, na sasa wako watu humu ofisini wasiojua wazazi wake walimwita nani.

Kipimo chake kilikuwa hadithi. Kaka yake aliwahi kununua kochi la watu watatu ambalo lilikataa kupita mlangoni, na mkasa wa siku ile, tangu kochi kushushwa hadi majirani kutoa ushauri kupitia dirishani, Bi Kijilima aliusimulia akipanda kila njia yetu, kwa maneno yaleyale, ili asimpendelee mtu wala kilima. Akisimulia kama mtu aliyekaa barazani, huo ni mwinuko. Akivuta pumzi katikati ya sentensi, ni kijilima. Akinyamaza, ni kilima, na wanaomfahamu wanajua kwamba kumnyamazisha si kazi ya mchezo. Urefu nao aliupima hivyohivyo. Kupanda kwenye shule ni nusu kochi. Kule bwawani ni kochi moja na robo. Mhandisi wa makao makuu alikuja na chombo chenye skrini, akazunguka wiki mbili, akatofautiana naye mahali pawili tu. Pa kwanza, betri ya chombo ilikuwa inakufa. Pa pili tutapafikia.

Hadithi inataka msikilizaji, la sivyo wakulima wangeingiwa na wasiwasi. Msikilizaji alikuwa wifi yake, fundi cherehani, mke wa kaka huyohuyo wa kochi, mdogo kwa Bi Kijilima kwa miaka kumi na miwili na mpole kupita kiasi. Kwa hesabu yetu ameusikia mkasa wa mume wake zaidi ya mara elfu mbili, na mchango wake wote ulikuwa neno moja: "Enhe." Sindano na uzi havikumtoka mfukoni, na siku mkurugenzi wa pili alipojiunga na msafara kwa suruali ya ofisini, ikapasuka kwenye kona ya tatu, Wifi aliishona palepale kando ya barabara, mwenyewe akiwa ndani yake. Kwenye ramani yetu kona hiyo ina alama ndogo ya sindano. Wageni wakiuliza, tunawaambia ni mnara wa simu.

Kijitabu nacho kilianza kusomeka. Ni yeye aliyeandika kwamba mbwa wa nyumba ya bati la bluu "anabweka kwa kutimiza wajibu tu, msimkimbie." Ni yeye aliyeandika kwamba mteremko wa darajani "ni mtamu, lakini mjue mtarudi kwa njia hiyohiyo."

Sasa tufike Njia ya Tisa, mahali pa pili alipotofautiana na mhandisi. Njia hiyo inamalizikia kwa kupanda hadi kwenye kinu cha zamani, na hapo juu wapo fundi pancha na mama mmoja mwenye mgahawa, ambao wateja wao wote hufika wakihema. Kanuni yetu ni fupi: njia yenye kilima inatoka kwenye kijitabu. Mhandisi alisema pale kinuni ni kilima. Bi Kijilima alisema ni kijilima, na kwa miaka mitatu mfululizo alipanda, akasimulia, akafika juu bado ana maneno. Makao makuu yakasema sawa, mradi apime upya kila mwaka.

Mwaka huu alipanda mwezi wa pili, Wifi kando yake, na aliyeandika haya akiwa nyuma, akiikokota baiskeli tangu chini kabisa. Hadithi ilipofika pale kaka anapofungua bawaba za mlango kwa bisibisi, alinyamaza. Tulisubiri avute pumzi aendelee. Hakuendelea. Ikasikika minyororo tu.

Ndipo Wifi, aliyekuwa akisema "enhe" miaka yote hiyo, akaidaka hadithi kwenye bisibisi ileile akaipeleka mbele. Alivuta pumzi katikati ya sentensi mara mbili, akafika juu, akafika mwisho, na hapo akaongeza jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: kwamba kaka wa watu alikwenda dukani na vipimo vya mlango vilivyoandikwa kwenye karatasi, na mwandiko ulikuwa wa dada yake. Bi Kijilima alishuka kwenye baiskeli, akaegemea uzio wa kinu, akacheka hadi machozi.

Angeweza kuandika kwamba alinyamazishwa na kicheko, na sisi tungeweka sahihi kama mashahidi bila haya. Angeweza pia kuandika "kilima," kwa kuwa alinyamaza na kanuni ni yake mwenyewe. Fundi pancha na mama wa mgahawa wangetafuta pa kwenda. Aliporudi ofisini alikaa mezani muda mrefu, sisi wengine tukijifanya tunakunja ramani. Ripoti yake ilikuwa mistari mitatu:

"Kinuni: kijilima, kama mwaka jana. Wifi yangu amepanda akisimulia hadi mwisho. Hakijakua hata kidogo. Mpimaji ndiye aliyechakaa, naomba abadilishwe."

Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliipiga chapa mwenyewe, akaiweka kwenye faili, akaenda kuosha kikombe chake. Tulilia, tusidanganyane. Mhandisi alipokuja kuisoma alilia zaidi, akasingizia vumbi la faili.

Njia ya Tisa imebaki kwenye kijitabu. Mpimaji mpya ni Wifi, na mkasa wa kochi sasa utasimuliwa pamoja na mwisho wake wa kweli. Aliyeandika haya ameteuliwa kusema "enhe."

Bi Kijilima, ahsante kwa kutusafishia kijitabu, na kwa kutufundisha kwamba mtu asiyeongea hajapimwa. Zawadi yetu ni kochi la watu wawili, wewe na Wifi. Mlango wako umepimwa na mhandisi mara mbili, na ndiyo maana siku ile tulipokutembelea tulikuomba ukae jikoni. Tunakutakia siku za tambarare, kijilima kimoja kimoja ukipenda, na pumzi ya kufika mwisho wa kila hadithi. Korido itakuwa wazi na miundi yetu itapona. Tunasikitika. Neno hilo ulitupigia chapa mara mia tatu. Safari hii tumelipiga wenyewe.