Verna Literski Hoesley na Nafasi ya Ishirini na Tatu

Marehemu Verna Literski Hoesley alizaliwa tarehe 11 Mei 1949 hapa Winona, Minnesota, mtoto wa kwanza wa Alois na Cecylia Literski. Baada ya miaka minne alizaliwa mdogo wake, Ambrose, ambaye ndiye mimi ninayewasomea. Tulikuwa wawili tu. Aliniomba niandike mwenyewe, nisizidishe chumvi, na tarehe zote ziwe sahihi.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, akamaliza sekondari mwaka 1967 na chuo cha ualimu hapa mjini mwaka 1971, somo lake hisabati. Hakufundisha hata siku moja. Alijaribu mafunzo ya darasani kwa wiki sita, akarudi nyumbani akamwambia mama kwamba watoto wanapiga kelele na namba hazipigi kelele. Mama alimsogezea sahani tu.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa katika maabara ya kupimia mbegu nje ya mji, akadumu hapo miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kuotesha mbegu mia nne kutoka kila shehena, kuhesabu ngapi zimechipua, kisha kumwambia mkulima ukweli. Wakulima walimwogopa. Mmoja alikuja na kopo lenye mahindi kumi, yote yameota vizuri, akidai shehena yake imeonewa. Verna aliyatazama, akamwambia, "Mzee, kumi ni bahati. Niletee mia nne tuongee." Maneno hayo alituambia sisi wote, kuhusu mambo yote, hadi tukachoka.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Gordon Hoesley, fundi wa matrekta. Waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja, hadi Gordon alipofariki mwaka 2016. Mwaka 1988 Gordon na marafiki zake tisa walianzisha ligi yao katika gereji yake. Kila mwaka mwezi Machi walikaa kuchagua wachezaji wa besiboli wa kweli, mmoja baada ya mwingine, watu ishirini na watatu kila timu, na walichokifanya wachezaji hao viwanjani msimu mzima ndicho kilichowapa pointi. Aliyeshika mkia alivaa vazi la kuku na kugawa samaki wa kukaanga kanisani Ijumaa. Mwaka 1991 Gordon alimchagua kwa madaha mpigaji aliyekuwa amevunjika mguu siku mbili kabla. Gereji nzima ilijua, ikanyamaza, ikamwacha aandike. Mwaka huo alivaa kuku, na mwaka uliofuata Verna, ambaye mpaka hapo alikuwa akiwaletea chakula tu, aliweka bakuli mezani, akavuta kiti, akasema, "Sogea, Gordon. Kuanzia leo timu hii ni yangu."

Wanaume walimcheka. Walichagua wapigaji wenye sifa na warushaji walioshinda mechi nyingi. Yeye alichagua watu ambao hakuna aliyewataka: wapigaji wenye subira wanaokataa mipira mibaya hadi wanapewa kituo cha kwanza bure, na warushaji wa timu dhaifu. Alisema ushindi wa mechi ni wa watu tisa, hivyo mrushaji apimwe kwa yale yaliyo mkononi mwake: wapigaji anaowatoa bila mpira kuguswa, vituo anavyogawa bure, na mipira inayopigwa ikavuka uzio. Mpira ukishaanguka uwanjani, yanayofuata ni ya wadakaji na bahati. Alitwaa kombe mwaka huo wa kwanza, akalitwaa tena mara kumi na moja. Hakuna aliyecheka tena, ila Butch Kaehler, mwenyekiti wa ligi, ambaye hucheka hata msibani. Yuko pale, anacheka sasa hivi.

Sasa nitasema habari yangu kidogo, maana ni habari yake. Mwaka 1974 nilikuwa mrushaji wa kulipwa katika timu ya daraja la chini kabisa. Nilishinda mechi tatu nikapoteza kumi na nne. Septemba walinipa barua ya mistari minne, nikapanda basi nikarudi nyumbani. Nilipata kazi reli, sikugusa mpira tena, sikutazama mechi, na siku za kuchagua wachezaji nilikaa jikoni na magazeti. Nilijiona mtu aliyepewa nafasi moja akaiharibu. Nilikuwa mnunaji, na mke wangu, Mungu amrehemu, alistahili mume mchangamfu zaidi.

Verna hakuwahi kunibembeleza. Alipostaafu mwaka 2010 alianza kuendesha gari kwenda kusoma magazeti ya zamani katika maktaba za miji yote ambako timu yangu ilicheza mwaka 1974. Ilimchukua majira mawili ya baridi. Alinakili kila mechi ya ligi ile, kila mrushaji. Jumapili moja ya Februari 2013 alikuja kwangu na daftari.

"Amby, kaa chini."

"Nimekaa, dada."

"Miaka thelathini na tisa unasema ulikuwa mrushaji mbovu kuliko wote."

"Sisemi mimi. Gazeti ndilo lililosema."

"Gazeti lilihesabu mechi mlizopoteza wote. Mimi nimehesabu ulichofanya wewe."

Nilimwuliza, "Kwa hiyo nilikuwa mzuri?"

"Hapana, usijipandishe. Mlikuwa warushaji arobaini na mmoja. Wewe ni wa kumi na tisa." Akafungua ukurasa nione. "Ulikuwa wa kawaida. Ila waliosimama nyuma yako walidaka mpira kama watu wanaokimbiza kuku."

Nililia, jamani. Angeniambia nilikuwa nyota nisingemwamini. Kuambiwa na mtu asiyedanganya mkulima wala ndugu kwamba nilikuwa wa kumi na tisa, hilo nililiamini. Mwaka uliofuata niliingia kwenye ligi ya gereji, nikashika mkia, nikavaa kuku. Mwaka huohuo nilianza kufundisha warushaji wa shule ya sekondari, na ninafundisha mpaka leo.

Tarehe 8 Januari 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimweleza kwa upole kwamba wengi hawafiki miezi sita. Verna akamwuliza, "Wangapi kati ya wangapi, na walikuwa na umri gani?" Daktari aliahidi kutafuta, na kwa heshima yake, alitafuta kweli.

Jumapili tarehe 24 Machi alikuja gereji amefunikwa blanketi. Alichagua vizuri kama kawaida, hadi nafasi ya mwisho, ya ishirini na tatu. Akasema, "Ambrose Literski, mrushaji."

Butch aliweka kalamu chini. "Verna, huyo ameketi pale anakula."

"Namwona."

"Ana miaka sabini."

"Sabini na moja mwezi ujao. Kanuni inasema mchezaji awe amewahi kusajiliwa na timu ya kulipwa. Haisemi lini. Isome."

Butch akaisoma mara mbili. Mwaka 1988 waliiandika nyuma ya kalenda, wakisubiri nyama iive, na kweli haikusema lini. Wakapiga kura, wote wakakubali. Mimi nilimwambia, "Dada, nitoe. Sitakuletea hata pointi moja." Akanijibu kwamba takwimu zangu anazijua kuliko mimi.

Msimu wote nilimsihi aweke kijana anayerusha kweli. Alikataa. Agosti alikuwa nafasi ya pili, nyuma kwa pointi mbili, na kila mtu alijua nafasi ile moja tupu ndiyo inayomnyima kombe. Nilipomkumbusha hospitalini, alisema, "Ukiigusa nafasi ile, Amby, nitakufukuza kwenye ukoo." Alifariki Jumatatu tarehe 16 Septemba, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi, nasi tukiwa naye. Alikuwa amepita miezi ile sita kwa miezi miwili na siku nane. Angetaka niseme hivyo.

Ameacha binti yake Janelle na mumewe, mwanawe Curt, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na wenzake tisa wa gereji. Ameacha pia timu, ambayo kwa maandishi yake mwenyewe ameniachia niiongoze hadi msimu uishe, siku nane baada ya leo. Jumanne Butch alinipigia. "Jitoe, mzee. Chukua yule mrushaji wa Cleveland, kombe tunamwekea dada yako kaburini." Alisema kwa mapenzi, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikaa mbele ya kompyuta, ambako siku hizi tunabadilisha wachezaji, hadi kahawa ikapoa. Miaka hamsini mimi ndiye niliyekuwa nikijitoa kwenye timu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekataa.

Kombe mwaka huu litakwenda kwa mwingine. Pumzika kwa amani, Verna. Niko pale uliponiweka.