Mama Shemweta na Mifupa ya Kigombe

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Yudith Shemweta anakabidhi funguo za Kitengo cha Utambuzi wa Mabaki baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Nimepewa kazi ya kumwandikia maneno ya kumuaga, nami naandika roho ikiwa juu juu, maana humu ndani hakuna mwingine anayejua kuuliza kama yeye.

Alitoka Lushoto akiwa mtaalamu wa maabara. Miaka hii ya mwisho amekuwa akilinganisha vinasaba vya marehemu wasiojulikana na vya watu walio hai, hata wa undugu wa mbali, kisha anapanda ukoo tawi kwa tawi mpaka apate jina. Wengi wamerudi kwao kwa njia hiyo.

Hata harusini hakuachi. Atakusalimu vizuri, kisha atataka kujua bibi yako mzaa mama alizaliwa wapi. Manase wa stoo aliwahi kuahirisha posa kwa hofu ya maswali yake. Ikaonekana yeye na mchumba wake hawana undugu, na leo wana watoto wawili.

Kuteleza si kuanguka, naye aliteleza. Mifupa iliyofukuliwa kwenye msingi wa nyumba kule Kigombe ilikaa kwetu miaka mingi bila mwenyewe. Hafsa, muuza pweza wa hapo, alishikilia kuwa ni ya kaka yake Tahiri, aliyeaga kwenda Horohoro akapotea. Akatoa mate yapimwe, maabara ikajibu hakuna undugu. Mama Shemweta alimpelekea habari hiyo mwenyewe. Hafsa hakulia, aliomba tu apimwe tena.

Jibu lile lilimnyima raha Mama Shemweta. Akarudi Kigombe, akakaa uani na wanawake wakisafisha pweza, akauliza upya, safari hii nani alimnyonyesha nani. Kumbe mama yake Tahiri alifariki kwenye uzazi, na jirani yake, mama yake Hafsa, akamnyonyesha mtoto pamoja na bintiye. Walinyonya ziwa moja. Kwa dini na kwa mtaa ni ndugu hasa, na hakuna aliyeona haja ya kueleza zaidi. Mama yetu, mtu wa milimani, hakuwa amelifikiria hilo.

Ukoo wa mama yake Tahiri ukamfikisha Horohoro kwa Bwana Idarusi. Bibi yake na bibi yake Tahiri walikuwa ndugu, ingawa wajukuu hao hawakuwahi kuonana. Naye akatoa mate, tukakaa tukisubiri, kila simu ikitushtua.

Juzi majibu yalikuja: ni Tahiri. Hofu haikuisha, kwa sababu utaratibu wetu humkabidhi marehemu kwa ndugu wa damu, na Hafsa alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, amepakata sanda. Mama Shemweta alimsogezea Idarusi, aliyeitwa kutoka Horohoro, fomu ya makabidhiano na kalamu.

Idarusi alisaini, akamgeukia Hafsa.

"Mimi nimetoa mate tu, dada. Ndugu yake ni wewe. Niambie kaburi tunachimba wapi."

Mama Shemweta alilia, akatuambia ni mafua.

Jana Tahiri alizikwa Kigombe. Mama Shemweta alikaa uani na wanawake, na Hafsa akawa anamtambulisha kwa kila mgeni kuwa ni dada yake. Hakuna aliyeuliza ni dada kwa upande upi, na Mama Shemweta hakusahihisha.

Asante, mama yetu. Kapumzike Lushoto kwa afya na amani. Ila simu usiizime, bado tunao wengi wasio na majina.