Meli Isiyomwaga Tone na Kisima cha Kisarawe

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na sita ya utumishi, Fundi Mkuu wa Mitambo wa kampuni yetu ya meli za mizigo, Mzee Hashiru Kitwana, anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya hafla ya Ijumaa hii, nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nani hapa asiyemjua Noti Nane? Jamani, kumbe nilikuwa simjui. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, na mpaka sasa mwili haujanirudi sawasawa.

Mzee Hashiru alizaliwa Kisarawe mwaka 1965 na kuingia kwetu tarehe 14 Machi 1991 akiwa mpangusaji wa chumba cha injini. Wakati huo kampuni ilikuwa na meli moja tu, ikipeleka saruji na mabati Mafia, Kilwa na Mtwara, kisha ikirudi tupu huku ikifuka moshi mweusi. Aliyempokea kazini alimwonyesha mahali pa kuchukua matambara na mahali pa kumwaga oili chafu ya injini. Mahali pa kumwaga palikuwa baharini. Hakuna aliyeona ajabu.

Jina la Noti Nane lilimpata mwaka 2009, alipowashawishi manahodha wapunguze mwendo wa meli kutoka noti kumi, yaani maili kumi za baharini kwa saa, hadi nane. Mimi ndiye ninayepanga ratiba za safari, na sitaficha, nilimchukia. Wateja wa Mtwara walikuwa wakinipigia simu kuniuliza kama meli inasukumwa kwa mikono. Nikamfuata karakanani kwetu Misugusugu nikiwa nimefura. Alinimiminia chai, akanipeleka uani, akanionyesha mapipa matupu kumi na manne. Hiyo ndiyo dizeli tuliyokuwa tukichoma kwenda na kurudi Mtwara. Akasukuma manne pembeni kwa mguu. Yaliyobaki ndiyo yaliyotosha kwa noti nane. Nikanywa chai yangu, nikarudi ofisini.

Hata kutembea alitembea kwa noti nane. Vijana wa karakana hawajasahau siku mvua kubwa ilipotukuta uwanjani. Sote tulitimua mbio, yeye akaja kwa mwendo wake uleule, akafika ameloa chapachapa, akauliza ni injini gani iliyowahi kupona kwa kukimbizwa.

Hakuishia kwenye mwendo. Ndiye aliyetaka tumbo la kila meli likwanguliwe kila baada ya miezi minne, maana meli iliyoota majani na makome hula mafuta mengi. Ndiye aliyezima jenereta gatini na kuvuta umeme wa nchi kavu, akawasha taa za chumba cha nahodha kwa sola, na akatusumbua mpaka tukakubali kwamba meli isirudi tupu wakati Mtwara kuna korosho na Mafia kuna nazi. Tishari linaloteremsha mpunga kwa mto Rufiji badala ya malori ni wazo lake pia. Leo meli zetu zote nne zinachoma dizeli pungufu kwa zaidi ya robo, na moshi mweusi tunauona kwenye picha za zamani tu.

Lakini kwenye oili chafu alikuwa mkali kupita kiasi. Huku kwetu kila mtu anajua kazi ya oili chafu: unaipaka kwenye nguzo za nyumba, mchwa hawasogei. Fundi wa injini anayerudi nyumbani bila dumu la oili huulizwa na majirani ana roho gani. Mzee Hashiru hakutoa hata kizibo. Mwaka 2001 alipiga kelele mpaka kampuni ikajenga tangi la kukusanyia oili Misugusugu, na tangu hapo yote hupimwa na kupelekwa kiwandani kusafishwa. Getini alikagua mabegi yeye mwenyewe. Mwaka 2016 aliizuia meli saa nne nzima kwa sababu ya chupa ya lita moja ambayo nahodha alitaka kuipeleka kwenye banda lake la kuku. Tulimwita mchoyo. Mimi nilimwita hivyo mbele za watu, kwa kuwa nilimwomba lita tano za nguzo za nyumba ya baba yangu akaninyima.

Mwezi Mei kamati ya hafla, chini ya Elinipa wa stoo, ilimuuliza mstaafu anataka zawadi gani. Wenzake waliotangulia kustaafu waliomba makochi, majokofu, mabati. Yeye aliomba tangi la maji la lita elfu tano, lijengewe msingi Kisarawe, siyo kwake, bali uani kwa jirani yake, Bibi Mwamini. Elinipa alidhani amesikia vibaya, akamuuliza mara ya pili. Mimi, Mungu anisamehe, nilinong'ona kwamba mzee anataka kuoa.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni tulipanda Kisarawe, mimi, Elinipa na mzee mwenyewe, kwenda kupima mahali pa msingi. Bibi Mwamini, mama wa miaka sabini na ushee, alitupokea kwa mihogo ya kuchemsha na maswali mengi, maana naye hakujua tangi hilo ni la nini. Katikati ya ua wake kulikuwa na kisima chenye mfuniko wa zege. Elinipa akauliza, bila ubaya wowote, tangi la nini na kisima kipo? Bibi alisonya.

Akatusimulia kwamba masika ya mwaka 1999 maji ya kisima hicho yalianza kutoka na harufu ya dizeli, na juu yake utando wa rangirangi. Nyumba sita zilikuwa zikichota hapo. Wakati huo alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na wifi yake, Mwanakheri, na mtaa mzima haukuhitaji ushahidi mwingine: ni yeye kamwagia. Mwanakheri aliapa kwa msahafu, hakuaminiwa. Alihama na wanawe akaenda Mlandizi. Mawifi hao hawajasalimiana tangu hapo, hata wakikutana msibani.

Mzee Hashiru alikuwa amesimama kando na futi ya kupimia mkononi. Akaikunja taratibu. Akamwambia Bibi Mwamini kwamba siyo Mwanakheri, ni yeye, Hashiru.

Niliangusha muhogo. Nayasema haya kama yalivyokuwa.

Mwaka 1997 ofisi yetu ilitoa amri kwamba ni marufuku kumwaga oili baharini. Amri nzuri sana, ila haikusema imwagwe wapi. Hashiru, kijana mtiifu, akawa anaipandisha Kisarawe kwa pikapu ya kampuni, mapipa mawili kila mwezi. Aliwagawia majirani wapake nguzo, nao wakamwombea dua. Iliyobaki, na ilibaki nyingi, aliimwaga kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba yake. Nyumba yake iko juu ya mteremko, udongo wa pale ni mchanga, na kisima cha Bibi Mwamini kiko chini yake.

Subhanallah! Wasomaji mnakijua kile kibao cha shaba cha mwaka 1998 kilichokuwa juu ya mlango wa mkurugenzi, kilichoandikwa Meli Isiyomwaga Tone. Ndicho tulichokuwa tukiwaonyesha wageni kabla hata hawajakaa. Nimekipangusa mimi kwa mikono yangu nilipokuwa mgeni kazini. Kumbe matone hayakupungua hata moja. Tuliyatoa baharini tukayapandisha mlimani, tukayaweka juu ya maji ya kunywa ya watu, kisha tukajipongeza.

Mzee alijua siku ileile harufu ilipotoka. Aliogopa, alikuwa amepandishwa cheo mwezi uleule kwa sababu ya kibao kile. Alisema moyoni atasema kesho. Kabla ya hiyo kesho Mwanakheri alikuwa ameshafungasha, na kila mwaka uliopita ulimfunga mdomo zaidi. Yale yote tuliyomsifia hapo juu, tangi la Misugusugu, ukaguzi wa mabegi, ugomvi wa chupa moja, yalitoka hapo. Kila Desemba alichota chupa mbili kutoka kisimani akazipeleka maabara, akimdanganya Bibi Mwamini kwamba ni mambo ya kazini. Majibu ya mwaka jana bado yanasema maji yale yasinywewe.

Bibi Mwamini hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimkumbusha futari alizofuturu kwenye mkeka wake, na jinsi alivyobeba jeneza la mumewe. Alimuuliza kama miaka yote hiyo chakula chake kilikuwa kinapita kooni.  Elinipa alikuwa analia, mimi nilikuwa naangalia zile nguzo za nyumba, nyeusi, nzima, hazina mchwa hata mmoja. Kisha Bibi akatoa hukumu yake: tangi lije, lakini bomba halitafunguliwa mpaka Mwanakheri awe amesimama pale uani. Na wa kwenda kumwambia ni Hashiru mwenyewe, kwa miguu yake na kwa mdomo wake. Halafu akatuambia tumalize mihogo.

Tukiwa njiani kurudi, mzee aliniagiza niyaandike haya yote na yasomwe siku ya hafla bila kupunguzwa neno. Nilikataa. Nilimwambia huu ni wasifu, watu wanakuja kula pilau. Akaniambia kwamba kama hayamo, basi huyo nitakayemwandika atakuwa mtu mwingine. Mkurugenzi wetu, Bwana Latifu, alisoma rasimu akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akachukua bisibisi akakiteremsha kibao yeye mwenyewe, na akaniruhusu niandike kwamba amri ile isiyosema wapi ilikuwa ya kampuni, siyo ya Hashiru.

Jumamosi iliyopita, tarehe 21 Juni, Mzee Hashiru alikwenda Mlandizi peke yake. Alibadilisha gari kituo cha Kwa Mathias, na kwa maelezo yake mwenyewe aliyaacha magari matatu yapite kabla miguu haijakubali kupanda. Mwanakheri alimsikiliza akiwa amesimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee alikaa barazani mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mlango ulipofunguliwa, Mwanakheri alikuwa amevaa kanga zake za kutokea, na mkononi ana dumu tupu la lita ishirini. Akamwambia atangulie.

Kisarawe sikuwepo, nimesimuliwa kwa simu na Bibi Mwamini. Mawifi hawakukumbatiana. Bibi alianza kuomba radhi palepale juani. Mwanakheri akamwambia amalizie ndani, jua kali. Miaka ishirini na sita, jamani, na neno la kwanza likawa jua kali.

Ndipo Mwanakheri akatoa sharti lake. Tangi litajazwa Jumanne, tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ya ustaafu wa Mzee Hashiru. Dumu la kwanza ni lake, na Hashiru atalibeba kutoka Kisarawe mpaka Mlandizi, na tena kila Jumamosi, mpaka atakapochoka Mwanakheri, siyo mbebaji. Bibi Mwamini alimnong'oneza mzee kwamba huko Mlandizi wifi ana bomba mlangoni, maji hayakatiki. Mzee alikuwa ameshaliona. Aliitikia tu kwamba amekubali.

Kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote, mimi Zuleha wa Ratiba nakushukuru, Mzee Hashiru, kwa bahari uliyotusafishia na kwa ukweli uliotushtua nao. Lile neno la uchoyo nalifuta mbele za watu walewale. Ijumaa kutakuwa na viti viwili vya mbele vyenye majina ya Bibi Mwamini na Bi Mwanakheri, naomba mtu asivikalie. Tunakutakia siha njema, usingizi mzuri na mgongo imara, mzee wetu, maana dumu lililojaa ni kilo ishirini, na Bi Mwanakheri amenihakikishia kwa simu kwamba yeye si mtu wa kuchoka upesi.