Magari Matatu Kabla ya Mpaka: Maisha ya Rusalina Kovacheva

Marehemu Rusalina Todorova Kovacheva alizaliwa tarehe 6 Februari 1953 hapa Kamen Dol, wilaya ya Vidin, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili wa Todor na Gergina. Wa pili ni mimi ninayewasomea wasifu huu, Zornitsa. Wa tatu alitakiwa awe mvulana. Hakuja, na baba hakuwahi kutusamehe.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha mwaka 1968 akapelekwa chuo cha ushonaji mjini Vidin. Yeye alitaka kusoma jiografia. Baba alimuuliza, "Ramani inavaliwa?" Mjadala ukaishia hapo. Alihitimu mwaka 1971, na sijawahi kumwona akishona chochote zaidi ya kifungo.

Tarehe 15 Oktoba 1976 aliolewa na Asen Kovachev, fundi wa matrekta, wakajaliwa watoto wawili, Rumen na Tsvetelina. Asen alikuwa mtu mwema siku ambazo hakunywa, nami nazikumbuka zote mbili. Alifariki mwaka 2010.

Tangu 1978, kwa miaka thelathini na miwili, marehemu aliendesha gari la posta katika vijiji vyetu tisa. Mnajua wenyewe kwamba alizisoma kadi zenu kabla yenu. Alishuka garini akisema, "Bi Mitra, mwanao anasema Lisbon kuna upepo, na yule mchumba wameachana. Shika." Mlifoka, lakini mlimsubiri langoni, maana alizisoma vizuri kuliko zilivyoandikwa.

Alipostaafu, posta iliuza magari yake makuukuu, naye akanunua lile lile alilokuwa akiliendesha. Aling'oa rafu za barua, akaunda kitanda kwa mbao za banda la mbuzi, akafunga jiko la gesi la plati mbili. Mapazia nilimshonea mimi. Alitaka kuvuka mto pale Vidin, aingie Romania, aendelee mpaka bahari ya Ureno; kila atakapoegesha, avae shanta mgongoni atembee kwa miguu. Gari lilikuwa tayari Machi 2012. Aprili, Tsvetelina alikwenda Hispania kufanya kazi akamwachia binti yake Nevena, wa miaka miwili. "Miezi sita tu, mama." Miezi sita hiyo ilikwisha Agosti 2022, Nevena alipochukuliwa na mama yake. Rumen naye alikuwa Ujerumani. Nyumba nzima ilikwenda ng'ambo isipokuwa mwenye gari.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho. Daktari alimwambia apumzike. "Nitapumzikia njiani," akajibu.

Aliondoka Alhamisi tarehe 20 Aprili, siku nne baada ya Pasaka, na mayai mekundu ya sikukuu yaliyosalia kwenye kikapu. Aliniaga mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie mtu. Nilimwaga maji kizingitini kama tunavyomfanyia kila msafiri, safari yake iende laini. Akapiga honi mara mbili, akaenda.

Nilibaki na ndoo tupu, nikaogopa. Na nilimwonea wivu, acha niseme leo. Nikampigia simu Tsvetelina.

"Mama mdogo, umemwachia mgonjwa aondoke?" akafoka huku analia. "Mwambie umeanguka. Atarudi tu."

Nikampigia dada, nikasema nimeanguka ngazini, nadhani nyonga imevunjika. Alikuwa kwenye foleni ya mpakani, mbele yake magari matatu.

"Usijitikise," akaniambia. "Nakuja."

Alinikuta nimesimama uani. Jiwe la kizingiti lilikuwa bado limelowa. Alinitazama miguu, kisha uso.

"Kumbe mzima."

"Dada, niliogopa, halafu Tsvetelina naye..."

"Basi nashukuru hujavunjika."

Akaniwekea ufunguo mkononi, akaingia ndani kulala. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, hata sasa natamani.

Hakulipanda tena gari lile. Alifariki Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini. Shanta yake bado imo garini, haijafunguliwa.

Ameacha watoto wawili, Rumen na Tsvetelina, mjukuu mmoja, Nevena, na mdogo wake, ambaye ni mimi. Rumen ameshaniuliza kama gari linauzwa. Haliuzwi. Nevena atakapofika umri wa kuendesha, ufunguo ni wake, na siku hiyo simu yangu nitaitupa kisimani.

Asubuhi hii jeneza lilipotoka nilimwaga maji pale pale kizingitini. Sijampigia mtu simu. Nenda kwa amani, dada. Safari hii hakuna atakayekurudisha.